Kiasi cha Bunduki: Jambo Tunaloliruka Tunapoandika Mila ya Wawindaji

Wasomaji wa vijitabu vya namna hii wanajua jinsi makala za uwindaji zinavyokwenda. Mwandishi anaanza na mitego: wa kamba, wa shimo, wa gogo zito linaloangukia mnyama. Kisha upinde na mkuki, mbwa na kengele zao za mti, dawa za mwindaji, miiko ya mke wake anayebaki nyumbani, na namna ya kugawa nyama: mguu kwa nani, kifua kwa nani. Kurasa hizo mara nyingi ni nzuri, na wazee wakisomewa wanatikisa kichwa kukubali. Mwisho kinakuja kifungu kifupi chenye kichwa kama "Bunduki ilipofika". Mistari sita au saba, na ndani yake mambo matatu tu: Waarabu walileta bunduki, Wazungu walileta katushi, na siku hizi vijana wanajaza katushi wenyewe kwa magendo, basi mila imekufa.

Nimesoma kifungu hicho mara nyingi, na sitaficha kwamba mimi pia nimekwisha kukiandika. Sasa nataka kukipinga.

Kosa lake si la tarehe peke yake. Kosa ni kwamba kinaweka kazi ya kujaza mwishoni kabisa, kama ugonjwa ulioletwa na umaskini na vita. Kumbe kujaza kuliingia siku moja na bunduki, mlango mmoja. Bunduki za kwanza zilizofika kwetu, ziwe zimetoka upande wa Angola ao upande wa Ujiji, hakuna hata moja iliyokuja na risasi iliyofungwa tayari. Kila mwenye kupiga alijaza mwenyewe, ao alijaziwa na mtu aliyemwamini kama anavyomwamini mpishi wake. Katushi ya kununua dukani ndiyo mgeni katika habari hii. Kwa hiyo tunapouliza "watu walianza namna gani kujijazia?", tunaanza hesabu mahali pasipo. Tuulize hivi: nani aliwaondolea kazi hiyo, na juu ya nini waliirudilia?

Tuanze na maneno, kwa sababu maneno yametunza jambo ambalo makala zetu zimelitupa. Bunduki ya kwanza ni gumegume, yaani ile inayowashwa na cheche ya jiwe. Ikafuata ile ya fataki, ambayo wazee walisikia Wabelgiji wakiiita ya pistoni. Zote mbili ni gobore: zinajazwa kwa mdomo, na kitu cha kushindilia ni ule mti ao chuma mwembamba unaoitwa mdeki. Hayo yote yamo katika kamusi za Kiswahili cha zamani. Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni kiasi. Kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson inatoa maana tunazozijua, kipimo na kadiri, halafu inaongeza maana nyingine: kiasi cha bunduki, yaani katushi. Angalia vizuri. Ile baruti iliyopimwa kwa mpigo mmoja iliitwa "kiasi", na hata katushi ya kiwandani ilipokuja, watu wa pwani waliiita jina la kipimo cha mkono. Kwao katushi haikuwa kitu kipya. Ilikuwa kiasi kile kile, ila kimepimwa na mtu mwingine, mbali, asiyemjua mnyama wala msitu.

Kwetu Kongo neno hilo halikudumu. Tulichukua "risasi", ambalo kwanza ni jina la madini, tukaligeuza kwa sarufi yetu likawa lisasi na masasi, na Kilingala nacho kinasema vile vile. Tumebaki na jina la kile kinachoruka na kuua. Jina la kile kinachopimwa limepotea. Nadhani kifungu kile cha mistari sita kinatokea hapo: tunaandika juu ya masasi, hatuandiki juu ya kiasi.

Sasa tutazame sanamu. Kila mtu aliyesoma kidogo habari za Walunda na Wachokwe anamjua Chibinda Ilunga, mwindaji wa ukoo wa kifalme wa Waluba aliyefika kwa Lueji, akamuoa, akaacha kwa Walunda mila ya uwindaji na ya utawala. Wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19 walimchonga mara nyingi, na sanamu hizo leo ziko mbali: moja inayosifiwa sana iko Fort Worth kule Texas, nyingine ziko Ulaya. Marie-Louise Bastin alizikusanya na kuzieleza katika kitabu cha mwaka 1978. Ile ya Texas imeshika fimbo na pembe ya dawa. Lakini ziko nyingine ambamo mwindaji huyu wa kale ameshika bunduki ya gumegume.

Msomaji mwepesi anasema: mchongaji amekosea, Chibinda Ilunga aliishi vizazi vingi kabla ya gumegume kufika nchi hiyo. Na mtu wa mila, yule mkali wa kukataa kila kitu cha nje, anasema: ni aibu, wamemharibu babu yetu kwa chombo cha Wazungu. Wote wawili wanaiona bunduki na hawaoni jambo lingine. Mchongaji alikuwa anajua kazi yake. Alitaka kuonyesha mtu mwenye ujuzi wa pori uliotimia, na katika siku zake ujuzi huo haukuwa kuwa na bunduki tu. Bunduki angeweza kuwa nayo mtu yeyote mwenye pembe za ndovu, nta ao mpira wa kuuza. Ujuzi ulikuwa ndani ya vitu vidogo: kuijaza isikose, baruti isilowe mvua, kipimo kisipungue mbele ya nyati wala kisizidi kikapasua chuma usoni mwa mwenyewe. Ndiyo maana bunduki ile haikai vibaya karibu na pembe ya dawa. Zote mbili ni vitu vilivyojazwa na mtu anayejua anachokijaza.

Tena si sanamu peke yake. Wachokwe hao hao walichonga vyombo vya kuwekea baruti, vya mti, vyenye nakshi kama zile za viti na fimbo za wakubwa. Mtu hachongi nakshi juu ya kitu asichokiheshimu. Na wahunzi wao walisifiwa na wasafiri kwa kutengeneza bunduki zilizovunjika: kitako kipya, mtambo uliorekebishwa, misumari ya shaba nyeupe ya kupamba. Bunduki zenyewe nyingi zilitoka Liège, na huko Angola ziliitwa "lazarina", jina la fundi wa Kireno lililoendelea kutumiwa juu ya kazi ya Wabelgiji. Hiyo nayo ni habari ya kuchekesha kidogo: kabla Mbelgiji hajafika kwetu mwenyewe, chuma chake kilikwisha kutangulia, na kimevaa jina la Mreno.

Upande wa mashariki tunalo andiko, na ni la Kiswahili. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alieleza maisha yake mwenyewe, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Shuleni tunasomeshwa kitabu hicho kama habari ya biashara ya watumwa na pembe, na ni kweli, ni habari ya uchungu, tusiipambe. Lakini kisome mara ya pili ukitafuta baruti. Mwandishi anaeleza jina lake kwamba lilitoka kwa watu waliosikia bunduki zake zikilia, tip tip. Jina zima la mtu limetoka kwa mlio. Hakuna aliyemwita jina la ule ukimya unaokuja kati ya mlio na mlio, wakati watu wake wameinama wanashindilia, na adui mwenye mishale angeweza kuwafikia. Ukweli wa vita vile ulikuwa katika ukimya huo. Mwenye gobore ambaye hawezi kujaza upesi ni mtu mwenye rungu refu tu.

Na ugomvi wake mkubwa na Stanley, ule wa mwaka 1887 na 1888 kwa ajili ya wapagazi 600 waliopaswa kufuata safari ya kumtafuta Emin Pasha, ulikuwa na nini ndani yake? Baruti. Watu wale wangekuja na bunduki zao, na baruti ilikuwa upande wa Stanley. Haikufika kama Tippu Tip alivyoitazamia, basi ikawa mojawapo ya mambo waliyobishania, na kila mmoja akaandika kitabu akimlaumu mwenzake. Mimi sitaamua nani alikuwa na haki. Ninachoona ni kwamba mtu mwenye maelfu ya bunduki alisimamishwa na kukosa ungarunga mweusi wa kutia ndani.

Hapo napaswa kuwajibu ndugu zetu wengine, wale wanaosifu mno. Kuko waandishi wa vyama vya mila wanaosema babu zetu walijitegemea katika kila kitu, walifanya baruti yao na risasi zao, Mzungu hakuwapa kitu. Ni nusu ya ukweli. Risasi, ndiyo. Katanga ya Msiri ilikuwa na shaba, na Wayeke waliofua waya na majembe walifua pia risasi za shaba. Ni moja ya mifano mizuri ya watu kuchukua madini ya nyumbani na kuyatia katika chombo cha kigeni. Lakini baruti ilikuja kwa msafara, kutoka Benguela kupitia Bihé upande wa magharibi, na kutoka pwani ya Unguja upande wa mashariki. Nguvu ya Msiri ilikuwa kukaa Bunkeya katikati ya njia hizo mbili, ampe huyu pembe, ampe yule shaba. Mwaka 1891 Wasanga walipomwasi, na njia zikawa na mashaka, bunduki nyingi hazikumwokoa. Tarehe 20 Disemba mwaka huo aliuawa na Kapteni Bodson. Kiasi kilikuwa chetu, baruti haikuwa yetu, na mtu asiyetofautisha hayo mawili hataelewa yaliyofuata.

Yaliyofuata yaliandikwa mezani, Bruxelles, tarehe 2 Julai 1890. Mapatano ya mataifa dhidi ya biashara ya watumwa yalichora mistari miwili juu ya Afrika, mmoja digrii 20 kaskazini, mwingine digrii 22 kusini, na ndani ya mistari hiyo yakazuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na katushi zake. Wakuu wa kila nchi wangeweza kuacha mlango mdogo: gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na ile baruti ya kawaida waliyoiita baruti ya biashara. Nia iliyosemwa ilikuwa njema, kuwanyima silaha wawinda watu. Lakini soma tena. Katushi ikawa ya Serikali, ya Leta kama wazee walivyosema. Kujaza kwa mkono kukaachiwa mwenyeji. Kumbe ile tunayoiita leo desturi ya nyuma, ya watu wasioendelea, iliandikwa katika sheria na watu wa mbele.

Nini kilitokea pale katushi ilipoingia mikononi mwa Waafrika wachache, yaani askari wa Leopold? Hapa natoka Katanga naenda upande wa mpira, kwenye Ekwateri, kwa sababu mambo haya yameshuhudiwa huko. Kila katushi ilihesabiwa. Askari aliyepewa katushi alipaswa kurudisha zile ambazo hakuzipiga, na kwa kila iliyopigwa alete mkono wa kuume wa mtu. Ripoti ya Roger Casement iliyotoka mwaka 1904 imeyaeleza, na wamisionari waliyaeleza vile vile. Na wakati mwingine askari alikuwa amepiga katushi yake kwa mnyama, kwa sababu ya njaa, halafu akakata mkono wa mtu mzima aliye hai ili hesabu itimie.

Mwenye kuandika juu ya katushi na mila asiyesimama hapo hajaandika. Katushi ndiyo kitu cha kwanza mkononi mwa mwindaji wa Kongo kilichokuwa na mwenye kukihesabu ambaye hakuwa mwindaji. Baruti ndani ya pembe haina hesabu ya namna hiyo. Unamwaga, unapima kwa jicho, hakuna karani anayejua umepiga mara ngapi. Katushi ni moja, mbili, tatu. Ilibeba daftari tangu siku ya kwanza. Sisemi kila mtu aliyejaza ganda tupu baadaye alikuwa anawakumbuka waliokatwa mikono. Nasema tu kwamba tusishangae watu wakipenda kiasi kisicho na daftari.

Halafu ikaja kalibre 12. Wakati wa Wabelgiji mwenyeji aliyeruhusiwa alikuwa na bunduki yake ya pistoni, na wachache, machifu, makarani, wawindaji wa kampuni, walipata permi ya bunduki ya kukunja yenye katushi. Baada ya uhuru ilienea zaidi, na wahunzi wa vijijini wakaiga, wakatoa ile inayoitwa pupu. Katushi hiyo ilikuwa na ganda, la shaba nyeupe ao la karatasi, baadaye la plastiki, na ganda halifi kwa mpigo mmoja. Linatoka bundukini likiwa moto, tupu, zima. Mtu ambaye baba yake alijaza gobore analiokota, analitazama, na mkono wake unajua tayari la kufanya. Hakuna aliyemfundisha. Ilikuwa ni kiasi kile kile, ila sasa kina kibweta chake.

Mzee mmoja wa upande wa mama yangu, mwindaji, nilimuuliza miaka mingi iliyopita, na kalamu mkononi kama mtoto wa shule: "Mjomba, mulianza lini kujaza katushi?" Akanitazama muda.

"Banaulizaka sisi juu ya nini tunajazaka benyewe," akasema. "Na zamani, nani alikuwa anatujazia?"

Makala haya yote yametoka katika jibu hilo. Niliyoongeza ni tarehe tu. Nilimuuliza tena juu ya bei, nikidhani atasema katushi za dukani zilikuwa ghali. Alikubali, zilikuwa ghali, na wakati wa vita vya 1996 na 1998 hazikuonekana. Lakini hakuliweka hilo mbele. Alisema katushi ya dukani "haina akili": ni ile ile kwa kanga na ile ile kwa nguruwe. Ya kwake aliipima kufuatana na mnyama. Vipimo alinitajia, sitaviandika. Kijitabu hiki kinasomwa na watoto, na hii si karakana.

Msomaji asidhani hii ni tabia ya Waafrika peke yao, ao ya maskini. Katushi ya chuma iliposimama imara, mwaka 1866, watu wawili waliitia fataki ndani ya kitako kwa namna mbili: Hiram Berdan wa Marekani na Edward Boxer wa Uingereza. Namna ya Mwingereza ina tundu moja katikati, kwa hiyo fataki iliyokufa inasukumwa nje kwa urahisi na ganda likajazwa tena. Na ndiyo iliyoshinda Marekani kwa raia, wakati ile ya Mmarekani ilienea Ulaya. Juu ya nini? Kwa sababu Wamarekani walitaka kujaza wenyewe. Wawindaji wa nyati katika nyanda zao, miaka ya 1870, walikuwa mbali na duka. Walibeba baruti na madini ya risasi katika magari yao ya farasi na kujaza maganda usiku karibu na moto. Winchester aliuza vyombo vya kujazia pamoja na bunduki zake. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya vyombo hivyo huko Connecticut, na leo kazi hiyo kwao ni starehe ya watu wenye mishahara mizuri, ina vitabu, ina mashindano. Mwanzo wao na mwanzo wetu unafanana sana: watu waliotoka katika gobore, ambao baba zao walipima baruti, wakakutana na ganda tupu. Kwao jambo hilo likaitwa ufundi. Kwetu kifungu cha mistari sita kinaliita magendo.

Wawindaji wale wa nyati, tusisahau, walimaliza nyati. Katika miaka kumi na kidogo makundi yasiyohesabika yalibaki mamia tu. Nalisema kwa sababu makala hii isije ikatumiwa kama ngao. Ganda lililojazwa mara nne limeua mara nne. Misitu iliyo tupu leo karibu na barabara zetu haikumalizwa na mitego ya kamba peke yake. Na wale wanaosifu ufundi wa mhunzi waende pia kutazama vidole. Katika kila kijiji cha wawindaji nilichofika kuko mtu mmoja mwenye mkono usiotimia ao jicho moja, na ukiuliza wanasema "ilipasuka", basi, hawaongezi. Makala zetu za mila zinajua kuandika dawa za kumlinda mwindaji na simba. Juu ya chuma kinachopasuka kimya. Bunduki hizo hizo zilionekana pia mikononi mwa vijana wa Mai-Mai, huko Kivu na huko kwetu Katanga, na wenye kulipa walikuwa wanakijiji.

Serikali nayo ina maneno yake. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 zinadai permi kwa kila jambo, na kutengeneza silaha ao masasi bila ruhusa ni kosa. Sina neno dhidi ya hilo. Nchi iliyoona yale tuliyoona inahitaji sheria ya silaha. Neno langu ni kwa sisi waandishi. Tunapoandika mila hatuandiki maombi ya permi, wala hatuandiki ripoti ya komisariati. Kazi yetu ni kusema mambo yalivyokuwa, na kwa mpangilio wake.

Katika hilo mgeni ametupita. Giacomo Macola, mwanahistoria, alitoa mwaka 2016 kitabu cha Kiingereza juu ya bunduki katika Afrika ya kati, na ndani yake Wayeke wa Msiri wana sura yao. Hoja yake ni rahisi na ni nzuri: watu hawakupokea bunduki kama ilivyokuja, waliitia katika maisha yao wenyewe, na maana iliyopata kwetu haikuamriwa na kiwanda. Wengine waliikataa hata, kama Wangoni waliojiona wanaume wa mkuki. Ningependa kitabu hicho kitafsiriwe. Lakini nacho kinatembea zaidi na wafalme na vita, na kinaishia karibu na pale gavana anapochukua nchi. Mwindaji mmoja, peke yake, na pembe yake ya baruti, ganda lake la kwanza la kalibre 12 mkononi, hayumo. Huyo hana mtu wa kumwandika ila sisi, na waliomjua wanazeeka.

Basi kwa watakaoandika katika vijitabu vijavyo naomba jambo dogo. Mkifika kwenye kifungu cha bunduki, msikimbie. Ulizeni majina: mdeki unaitwaje kwa Kisanga, kwa Kiluba, kwa Kichokwe, kwa Kihemba? Kizibo kilikuwa nyuzi za mti gani? Nani aliruhusiwa kugusa baruti, na mwanamke mwenye mimba alikaa wapi wakati inapoanikwa? Mara ya kwanza ganda la katushi lilijazwa katika kijiji hicho, alikuwa nani, na watu walisema nini? Hayo ni mila kama mbwa na kengele zake.

Mjomba wangu alikuwa na kipimo kimoja tu maisha yake yote, ncha ya pembe ya swala iliyochimbwa ndani, na alama mbili zilizochorwa kwa kisu: ya chini kwa ndege, ya juu kwa nyama kubwa. Alikirithi kwa mtu aliyepiga gobore. Alikitumia kwa pistoni na kisha kwa kalibre 12, bila kubadilisha alama. Alipokufa bunduki ilichukuliwa na wakubwa wa eneo, ndivyo inavyotakiwa. Kipimo hakuna aliyekiuliza. Kiko kwa mjukuu wake mwanamke, sokoni, anapimia chumvi, na alipoona nakitazama sana akanieleza kwamba alama ya chini ni ya franga mia, ya juu ni ya mia mbili.